Laini ya Mama wa Maombi

Mama yangu hakuwahi kujibu ujumbe wa mtu. Si kwamba hakujua kuandika. Alijua, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa mama wa maombi katika ushirika wa kina mama kanisani kwetu Shauri Moyo, na kazi hiyo aliifanya kwa njia yake. Mwanamke mwenye jambo lililomkaba hakulazimika kusimama mbele ya wenzake na kulisema, maana jambo likishasemwa mle ndani hufika getini kabla ya baraka. Alimwandikia mama kwa simu. Mama alisoma, akaomba, akafuta. Hakurudisha neno, hata Amina, kwa sababu katika nyumba nyingi simu ya mke hushikwa na mume, na jibu moja tu lingetosha kuleta vita. Kina mama wote walilijua hilo. Ukiandika na ukanyamaziwa, basi umesikika.

Simu yenyewe ilikuwa kabambe, ile ya vibonye yenye tochi juu. Mimi nashona mapazia Gikomba, na msimu wa biashara nzuri nilitaka kumnunulia simu ya kupangusa ili aone picha za wajukuu. Alikataa katakata. Alisema simu inayokuuliza kila saa uko wapi hiyo ni askari, si simu. Nilimcheka. Nilimwambia, "Mama, nani ana haja na mambo ya kikongwe wa Shauri Moyo?" Akasema haja haikuwa na mambo yake, ilikuwa na ya watu walio ndani ya simu yake. Niliona ni ukaidi wa uzee, nikaenda zangu kununua vitambaa.

Siku hizi simcheki mtu. Ukiingia jengo lolote mjini, mlinzi wa mlangoni anataka namba ya kitambulisho na namba ya simu, na hakuna anayemuuliza zinakwenda wapi. Duka la dawa linataka namba. Kinyozi wa mwanangu anataka namba. Halafu unakaa kwenye cherehani yako, mtu usiyemjua wala kumsikia anakuita kwa jina lako la ubatizo akikuuzia ploti ambapo hata ndege hajawahi kutua. Nikilalamika, wenzangu sokoni wananiambia nina hasira za bure. Jirani yangu wa meza, anayeuza mashuka, husema kama huna unachoficha, hofu ya nini? Zamani nilikuwa namjibu kwa matusi madogo madogo. Sasa namjibu kwa kisa hiki, naye huinama akakunja mashuka yake.

Miongoni mwa waliomwandikia mama alikuwapo binti mmoja aliyekulia mlango wa tatu kutoka kwetu. Nilimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Aliolewa na mwanamume wa kupendeza, mpole wa maneno, anayeshika mkono wa mzee kwa mikono miwili, na ndani ya nyumba mwanamume huyo alikuwa akimpiga kwa utulivu uleule. Hakuna aliyeamini. Mama aliamini, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiandikiwa. Asubuhi moja yule binti alitoka na mtoto wake wa kike kama anayekwenda kliniki, na hakurudi. Alitupa laini yake, akanunua nyingine, na namba hiyo mpya alimpa mtu mmoja tu duniani.

Mume alikuja kwetu. Aliketi kwenye kochi letu, akanywa chai, akalia kwa kitambaa safi. Akauliza, "Mama, wewe watoto wote wa hapa wanakuambia mambo yao. Mke wangu yuko wapi?"

"Sijui, baba," mama akasema. "Tumwombee tu."

Nilikuwa jikoni nikakwaruza sufuria kwa mshangao. Katika maisha yangu yote sijamsikia mama akisema uongo, isipokuwa siku ile, na aliusema akimtazama usoni. Mgeni alipoondoka nilimuuliza mama kama kweli hajui. Akanijibu, "Yuko mahali." Hata mimi, mtoto wake wa kuzaa, sikupewa zaidi ya hapo. Nilikasirika kidogo, nakiri, kwani nilijiona ni mtu wa kuaminika. Yule mume akaendelea kupiga simu ya mama mara kwa mara, kwa sauti ileile ya maziwa, na mama akaendelea kutojua.

Kisha mama akafa. Presha, ghafla, akiwa anatoa nguo kwenye kamba. Tulimpeleka nyumbani magharibi tukamzika kando ya baba, aliyekuwa mfanyakazi wa kaunsili tangu ujana wake.

Kwetu, vitu vya marehemu haviguswi mpaka wazee wakae. Nguo, vyombo, kiti, chochote alichokishika kwa mkono wake hufungiwa, na siku ikifika, ukoo hukutana, hunenwa yanayonenwa, kila kitu hupewa mwenyewe. Ukichukua kabla, umemwibia maiti. Kwa hiyo simu ya mama tuliizima tukaiweka ndani ya sanduku lake la bati pamoja na leso na Biblia, na ufunguo ukakaa kwa baba mdogo. Nilifarijika sana. Nilijiambia kwamba mlango wa siri za wanawake wote wale umo mle ndani, chini ya kufuli, na hakuna mkono utakaoufikia.

Siku ya wazee kukaa ilichelewa. Kwanza mvua, barabara ya kwetu ikakatika. Halafu msimu wa kupanda. Halafu ukoo ukapata msiba mwingine, na mambo ya wafu wawili hayachanganywi. Baba mdogo alisema marehemu hana haraka, na sote tukakubali. Ni kweli mama hakuwa na haraka. Aliyekuwa na haraka ni kampuni ya simu, na hiyo haikualikwa kwenye kikao cha ukoo.

Zaidi ya mwaka ulipita kabla ya sanduku kufunguliwa. Simu nilipewa mimi, kama binti wa pekee. Nikarudi nayo Nairobi, nikaichaji, nikaiwasha, na taa yake ya kijani ikanikata maini. Lakini haikuwa na mtandao. Nilitoa betri nikarudisha, nikaipangusa kadi kwa pindo la gauni. Hakuna.

Nilikwenda kwenye duka la kampuni nikiwa na cheti cha kifo ndani ya mkoba. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu, sina la kumlaumu. Akaandika namba kwenye kompyuta yake, akakunja uso.

"Auntie, hii laini haikutumika kwa muda mrefu. Sistimu ilishaichukua."

"Ikaipeleka wapi?"

"Ikarudishwa sokoni. Saa hii ina mtu mwingine."

Nilidhani sikumwelewa. Nilimwambia laini ile ni ya mama yangu, alisajiliwa nayo kwa kitambulisho chake, aliinunua kwa pesa yake. Akanieleza, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba laini si mali ya mteja. Mteja huitumia tu. Yote yameandikwa kwenye masharti.

"Masharti gani? Nani aliyasoma?"

"Ulikubali wakati wa kusajili, auntie. Kila mtu hukubali."

Nikamuuliza basi ni nani aliye nayo. Hapo alinyooka kwenye kiti. "Hiyo siwezi kukuambia. Ni siri ya mteja, tunalinda data yake." Nilicheka mpaka mlinzi akanikodolea macho. Mama yangu alilinda siri za watu maisha yake yote bila kaunta wala kompyuta, na sasa siri pekee iliyobaki kulindwa ilikuwa ya yule aliyerithi namba yake. Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara, nikapiga namba ya mama kwa simu yangu mwenyewe. Hivyo ndivyo siri ya mteja ilivyokuwa ngumu kuvunja.

Ikaita. Mimi ambaye nilimwona akishushwa kaburini, nilisikia namba yake ikiita.

"Haloo, nani mwenzangu?" ilisema sauti ya mwanamke mzima, mchangamfu. Nilijieleza. Akasema, "Kumbe! Basi wewe ndiwe wa yale maombi?"

Alikuwa muuza viazi na kabichi kule Majengo, mtu wa kutoka Mkoa wa Kati, mjane wa rika la mama. Nilitembea mpaka kwake alasiri hiyohiyo, maana si mbali. Alinipa ndoo iliyopinduliwa nikaketi, akanipa na chai. Laini aliinunua chini ya mwavuli kwa wale vijana wanaosajili watu barabarani, baada ya simu yake kuibwa. Tangu mwanzo ilikuwa laini ya ajabu, akasema. Watu walipiga wakiita "Mama", akawaambia wamekosea. Ujumbe wa maombi uliingia, wa mtu mmoja, kila baada ya siku kadhaa. Alidhani ni kanisa fulani limempata. Hakujibu kwa sababu hajui kuandika vizuri kwa vibonye.

Hakujibu. Nilipolisikia hilo, nikaweka kikombe chini.

"Lakini nilimwombea," akasema haraka, kana kwamba nimemlaumu. "Kila ujumbe. Mungu ni shahidi yangu."

Akanipa simu nisome. Yule binti alikuwa akimwandikia mama tangu siku alipotoroka, na hakujua kwamba mama amekufa. Nani angemwambia? Hakuna aliyekuwa na namba yake. Na kimya hakikumshtua, kwani mama alikuwa kimya tangu zamani. Ujumbe wa miezi ya kwanza, kabla laini haijauzwa upya, ulipotea hewani, wala sitaujua. Huu wa karibuni ulikuwa pale, mmoja chini ya mwingine. Mama niombee nimepata kazi ya kufua. Mama mtoto ameanza shule, anapenda mwalimu. Mama tumehama, sasa tuko Kayole, ploti ya geti la kijani nyuma ya kanisa la mabati, ukipata nafasi njoo utuone. Mama nimeota umekuja na maandazi.

Nilisoma huo wa maandazi mara nyingi. Kisha nikaona kwamba baada yake hakuna mwingine, na tarehe yake ni ya zamani kidogo. Nikamuuliza mama wa Majengo kwa nini binti amenyamaza.

Akatabasamu. Ndilo jambo ambalo bado linanitesa, lile tabasamu. "Maombi yalijibiwa," akasema. "Mume wake alipiga."

Aliniambia yote kwa furaha, huku akimenya viazi kwa kisu. Mwanamume mmoja mwenye sauti nzuri alikuwa akiipigia laini ile mara kwa mara akimtaka mama. Siku moja badala ya kukata, alizungumza naye. Mwanamume akamwambia yeye ni baba aliyepotelewa na mke na mtoto, kwamba hata kula hali. Akalia. Naye mama wa Majengo, aliyeziona nyumba za wanawe wawili zikivunjika mbele ya macho yake, moyo ulimlainika. Akaunganisha mambo. "Nikamwambia, usilie, baba, mkeo yu hai, mtoto anasoma. Nikamsomea pale anapokaa. Alinibariki, wewe! Nikasema Mungu anaweza kutumia hata laini ya simu."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono wangu uliinuka kutoka magotini. Nikamtazama usoni nikaona mwanamke mwenye mikono ya udongo aliyemwombea mtu asiyemjua kila siku kadhaa bila kulipwa wala kushukuriwa, na mkono ukarudi chini. Nilimwambia huyo mume ni mtu wa namna gani. Kisu kikamtoka. Alianza kusema kwa lugha ya kwao, maneno yaleyale, yaleyale, sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

Kesho yake nilifunga meza yangu mapema, nikaenda Kayole. Nilishuka Spine Road nikauliza kanisa la mabati, nikaonyeshwa makanisa matatu, na nyuma ya la mwisho palikuwa na geti la kijani. Ndani, kwenye uwazi wa chini, mwanamke mmoja alikuwa akifua. Nilimsalimu nikamtaja yule binti kwa jina la mtoto wake.

Akaacha kufua. "Wewe ni nani yake?"

"Ni kama dada yake mkubwa. Tulikaa milango jirani Shauri Moyo."

"Umechelewa, dadangu."

Alinisimulia akikamua shuka aliyokuwa akiifua bila kuitundika. Mwanamume alikuja Jumapili, na mkate na soda, amevaa vizuri. Aliwasalimu wapangaji wote. Akasema yeye ndiye mume wa mwenye chumba kile, mke wake alikasirikia jambo dogo. Wakampa kiti akae koridoni asubiri, na mmoja wao hata akamchemshia chai. Binti alirudi kutoka kanisani na mtoto mkononi, akamwona pale kwenye kiti. Hakupiga kelele. Wapangaji walisikia vishindo mlango ulipofungwa, wakaangaliana, wakasema ni mambo ya mtu na mkewe. Jioni mwanamume alitoka amembeba mtoto begani, amelala au analia, hawakuona vizuri. Anampeleka kwao, kwa mama yake mzazi, ndivyo alivyosema. Aliwaaga wote kwa heshima.

"Na yeye?"

"Alikaa ndani siku chache. Uso hautazamiki. Nilimpelekea uji. Halafu akatoa kadi ya simu akaivunja kwa meno, akaitupa kwa choo. Akafunga nguo zake kidogo."

"Alisema anakwenda wapi?"

"Hakusema. Atamwambia nani tena?" Akaitazama shuka mikononi mwake. "Nilimuuliza, huyo bwana amejuaje hapa, na wewe huambii mtu? Akasema kuna mtu mmoja tu anayejua, mama mmoja wa kanisani kwao. Akasema, kama ni yeye aliyesema, basi hakuna mtu."

Niliketi kwenye ngazi nikalia, na wala si kwa heshima. Yule mwanamke alisimama kando yangu na shuka yake yenye maji, akidhani namlilia binti. Namlilia, ndiyo. Lakini saa ile nilikuwa namlilia mama, aliyesema uongo mmoja maishani ili kumlinda mtoto wa watu, na ambaye sasa anatajwa Kayole kama aliyemuuza.

Nimefanya ninayoweza. Kituo cha polisi waliniuliza mimi ni nani katika shauri hili, nikakosa jibu linalotosha kwenye karatasi yao. Wazee wa kanisa walisema watamwita yule mume wazungumze, na nilipokumbuka anavyoshika mikono ya wazee, nikajua mazungumzo yatakavyokuwa. Kampuni ya simu niliipelekea malalamiko. Walinijibu mara moja, kwa ujumbe, wakanishukuru kwa maoni yangu na kuniomba niwape alama kulingana na nilivyohudumiwa. Namba ya yule binti haipatikani tena. Najua siku moja itapatikana, chini ya mwavuli fulani, mkononi mwa mtu mwingine.

Mama wa Majengo alitaka kunirudishia laini. Alikuja nayo mpaka mezani kwangu Gikomba, imefungwa ndani ya leso kama sadaka, akasema hawezi tena kulala nayo chumba kimoja. Nilikataa kuipokea. Nilimwambia tangu mwanzo watu wanaijua sauti inayonyamaza kwenye namba hiyo, na ikiwa binti ataitafuta siku moja, hata kwa kutukana tu, ni lazima aikute iko hewani. Mimi nina hasira, naweza kuharibu. Yeye akae nayo, amngoje.

"Na akipiga, nimwambie nini?"

"Mwambie mama alikufa."

"Basi hivyo tu?"

"Mwambie alikufa kabla. Anza na hilo, asije akakata."

Alilirudia kwa midomo, kabla, kabla, kama anayejifunza kifungu kwa moyo. Kila mwisho wa mwezi namtumia kredo ili laini isife tena, naye hunipigia kwa namba hiyo kunishukuru, na jina la mama hutokea kwenye simu yangu, kwani sijalifuta. Namuuliza kama kuna aliyeandika. Ananiambia hakuna, lakini bado anaomba.

Sidhani ataandika. Sisi tulimzika mama, tukanena yaliyonenwa, tukagawana hata vikombe vyake. Kwa yule binti, popote alipo, mama yangu bado yu hai, na ndiye aliyesema.